Viatu vya Kamanda Ndani ya Kasha la Bibi

Juma lililopita mjukuu wangu alikaa kwenye ngazi za nyumba yetu hapa Ghubra akipiga rangi viatu vyake vya harusi. Alifungua kikopo cha rangi nyeusi, na ile harufu yake kali ikaingia sebuleni kwa dirisha ikachanganyika na udi aliokuwa akiuchoma mkwe wangu. Basi miye nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, mkwe wangu akaja mbio na gilasi ya maji akidhani sukari imenipanda. Nikamwambia, "Niache, mwanangu. Nacheka na watu wangu waliokwenda zao."

Harufu ile, rangi ya viatu na udi pamoja, ndiyo harufu ya kasha la bibi yangu. Na ndani ya kasha hilo, nilipokuwa na miaka kumi na moja, vilifungiwa viatu vya kamanda wa Kipalestina. Sogeeni karibu niwahadithie, maana kati ya waliokuwamo ndani ya nyumba ile siku ile nimebaki peke yangu.

Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi. Baba na mama walipitiliza Kuwait kutafuta kazi, na mimi nikaachwa Maskati kwa Bibi, mama yake mama, pamoja na Mjomba Seif na mama mdogo Raya, kitinda mimba wa Bibi. Katika mali yake yote Bibi aliweza kuondoka na vitu viwili vya maana: kasha lake lenye njumu za shaba, na mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi ya nazi, jamani, katika mji ambao usingeuona mnazi hata ukipanda juu ya ngome! Aliitundika ukutani, na kila Ijumaa akaipangusa vumbi.

Maskati ya wakati ule msiifananishe na hii ya leo. Huko Al Khuwair kwenye wizara na foleni za magari kulikuwa mchanga na miiba. Mji wenyewe ulikaa ndani ya ukuta, milima imeuzunguka, maji yanaletwa na punda, na jioni mzinga ukilia milango ya mji inafungwa. Redio tuliisikiliza sauti chini, dirisha limerudishwa. Shule ya wasichana haikuwako. Nilikuwa nimeanza kusoma Unguja, nikaona nitakuwa mjinga hivi hivi, lakini mama mdogo Raya hakukubali. Kila alasiri, jua likipungua ukali, alinipandisha juu ya paa na ubao wa mbao na kipande cha chaki, akanisomesha kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

Chini yetu alipanga Ustadh Marwan, mwalimu wa hesabu katika shule ya wavulana. Alikuwa Mpalestina, mwembamba, ana miwani, na anakula samaki wa kopo. Hicho cha mwisho ndicho kilichomwingiza nyumbani kwetu, kwa sababu Bibi hakuweza kuvumilia mwanamume mzima kula kutoka ndani ya kopo. Akaanza kumpelekea mchuzi na mkate wa kumimina, halafu akaanza kumwita apande mwenyewe, na haukupita muda Ustadh akawa na mto wake maalumu wa kuegemea sebuleni kwetu.

Mabishano yao yalikuwa ya machungwa. Ustadh alizaliwa kijijini karibu na Yafa, kwenye shamba la michungwa la babu yake, na aliamini kwamba Mungu hakuumba chungwa mahali pengine popote. Bibi naye alikuwa na michungwa yake Unguja. "Lako ulile kwa adabu na kisu," Bibi alimwambia. "La kwetu ukilitia jino, maji yanakuteremka mpaka kwenye kiwiko, na huna haja ya kunywa tena siku hiyo." Walibishana kana kwamba mashamba yale bado ni yao na kesho wataletewa kapu. Mimi nilikaa katikati nikila ndimu kwa chumvi, nikiamua nani kashinda.

Siku moja Bibi alimuuliza walitokaje. Akasema alikuwa na miaka kumi. Walitembea kwa miguu, familia nzima, mvua imenyesha, na katika tope kiatu chake cha kushoto kikazama. Mama yake alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni, akamwambia asigeuke kukitafuta. Akaendelea na kiatu kimoja mpaka mpakani, na huko wakakaa kwenye mahema, na katika mahema hayo ndimo alimosomea mpaka akawa mwalimu. Bibi hakusema lolote la machungwa siku hiyo. Alimwongezea chai, akasema, "Sisi, mwanangu, angalau tulitoka na viatu vyetu."

Sasa njooni kwenye mapenzi. Alasiri moja mama mdogo Raya alikuwa akinisomesha jedwali la kuzidisha, akaniambia saba mara nane ni hamsini na nne. Kutoka dirisha la chini ikapanda sauti ya kiume: "Hamsini na sita!" Raya akafunika uso kwa kanga, akanishusha chini siku hiyo hatujamaliza somo. Lakini kesho yake akakosea tena. Na keshokutwa. Mama mdogo Raya, aliyekuwa wa kwanza darasani kwake tangu mdogo, ghafla hajui tisa mara sita! Mimi nilikuwa nazijua zote kwa moyo, nikamtazama, akanifinya. Kuzidisha nilikujua vizuri sana mwaka ule, kwa sababu kila hesabu nilifundishwa mara mbili, ya uongo kutoka juu na ya kweli kutoka chini.

Posa ikaja mwanzo wa mwaka wa sitini na saba. Bibi aliuliza ukoo, akauliza dini, akauliza kama kwao wanawapiga wake zao, kisha akakubali. Pete ikavalishwa. Harusi ingekuwa baada ya joto kupungua. Lakini kabla ya joto kupungua vilikuja vita vya huko kwao, na katika siku chache tu vita vikawa vimekwisha, na Ustadh Marwan alikaa mbele ya redio ya Mjomba Seif miwani mkononi, haoni na hataki kuona. Wiki haikuisha akafunga mzigo wake. Alimwambia Bibi mlangoni, "Mama, nitarudi nioe." Bibi akamjibu, "Ukirudi utamkuta."

Tukakaa kungoja. Habari zilikuja kwa midomo ya wasafiri wa Kuwait, na moja yao ndiyo iliyonigeuza kichwa: Ustadh wenu, waliambiwa baba na mama, sasa ni kamanda. Ana vijana wake katika bonde la mto wa mpakani kwao, na wanamsikiliza yeye tu. Kamanda! Mwalimu wa hesabu wa chini! Mjomba Seif alituweka kitako akasema neno hilo lisivuke kizingiti, maana serikali ya wakati ule haikutaka hata kusikia harufu ya mambo kama hayo. Mtihani gani huo kumpa mtoto? Siri ile ilinijaa tumboni nikawa sili vizuri. Nikiwa na wenzangu juu ya paa tulicheza vita, na mimi kila siku nilikuwa kamanda, na hakuna aliyejua kwa nini sikubali kupokezana. Kichwani mwangu Ustadh alirefuka mpaka akafikia lango la mji, akaota ndevu, akajizungushia mikanda ya risasi.

Huku nyuma Raya alikuja kuposwa na wengine, mmoja ana duka Matrah, mwingine ana mashamba ya mitende. Aliwakataa. Wanawake walikuja kunywa kahawa kwa Bibi na kumhurumia kwa sauti ya kutosha Raya asikie chumbani. "Mtoto atakauka hivi hivi. Yule kesha kufa huko, na kama hakufa kesha oa." Bibi aliwajazia vikombe haraka haraka ili midomo ipate kazi nyingine.

Akaja! Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka wa sitini na tisa. Mjomba Seif alimwombea ruhusa ya kuingia kama mwalimu wa zamani anayekuja kuoa, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Meli ikatia nanga kwenye ghuba, nikapanda juu ya paa na darubini ya kuazima. Nikaona mashua inaleta abiria, nikatafuta lile jitu langu, silioni. Aliyeshuka ni Ustadh Marwan yule yule, mwembamba zaidi, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Niliudhika karibu nilie.

Kisha nikaona viatu. Vilikuwa viatu vya jeshi, vyeusi, vizito, vinapanda mpaka juu ya kifundo, na viling'aa hata ukaiona pua yako. Kila asubuhi alikaa kwenye ngazi na kikopo cha rangi na kitambaa, akavisugua polepole, kwanza cha kushoto, kila siku cha kushoto kwanza. Nilichuchumaa mbele yake nikimuuliza maswali. Umeua watu wangapi? Mto ni mkubwa? Unalala na bunduki? Hakujibu hata moja. Alinieleza viatu. Kule bondeni, alisema, kuna mawe na miiba, na kabla vijana wake hawajatoka yeye hupita akakagua viatu vya kila mmoja, kamba na kisigino, kwa sababu mwenye kiatu kibovu huchelewa, na anayechelewa hangojewi. Nilimwona tena mrefu kuliko lango la mji.

Harusi yenyewe sitaisahau nikiwa hai. Wazanzibari wote waliokuwako Maskati na Matrah walijibana ndani ya nyumba yetu. Bibi alishusha mbuzi yake ya nazi kutoka ukutani, kwa sababu Mjomba alifanya miujiza akapata nazi kutoka Dhofar, na harufu ya tui ilipopanda katika nyumba ile kuna wanawake walioanza kulia kabla hata ya biharusi kutolewa. Msondo ulipigwa mpaka majirani wa Kiarabu wakapanda juu ya mapaa yao kutazama. Raya alikuwa amepigwa liwa na hina, ananukia kutoka mwisho wa ukumbi. Na bwana harusi alipofika mlangoni, wanawake wakamzuia kama ilivyo ada, hapiti mpaka aombe. Yeye, mtu wa mto na bunduki, alisimama mbele ya wazee wanne wenye kanga akatokwa jasho. Akavua viatu vyake kizingitini, akaingia kwa mguu wa kulia, vigelegele vikapasua dari.

Nilimwona Bibi akiinama kimya kimya. Aliviokota vile viatu, akavifuta kwa ncha ya kanga, akaviweka ndani ya kasha kati ya udi na nguo zake za sanda, akafunga, na ufunguo akauning'iniza kiunoni.

Nyinyi mnajua fungate. Bwana harusi anakaa siku saba nyumbani kwa mke, anaogeshwa, analishwa kuku na mayai na maziwa ya iliki, na mguu wake hautoki nje. Kwetu hili halielezwi, kama vile hatumwelezi mtu kwamba chai inanywewa kwa mdomo. Na hapo ndipo tulipokosea sote. Kwao Marwan mtu anaoa leo, akitaka kesho anaamka na kazi zake. Hakuna aliyemwambia habari ya siku saba. Na yeye hakumwambia Bibi habari ya meli, kwa kuwa tikiti alikatiwa na Mjomba Seif mwenyewe, ya meli ya kwenda juu, upande wa Kuwait, itakayopita siku ya nne. Mjomba aliijua meli na aliijua fungate, lakini katika kichwa chake vitu hivyo viwili havikuwahi kukutana.

Vikakutana asubuhi ya pili, jikoni. Kamanda alitoka chumbani kavaa kikoi, anatabasamu, akaniuliza viatu vyake viko wapi.

"Viatu vya nini?" Bibi akauliza, anakoroga bokoboko.

"Nishuke bandarini kidogo, mama. Nikaulize habari ya meli."

Mwiko ukasimama. "Meli gani?"

Akaeleza. Bibi akaita, "Seif!" kwa sauti ambayo nadhani hata watu wa melini waliisikia, na Mjomba akaja, akatazama huyu, akatazama yule, akakaa chini juu ya gunia la mchele. "Yarabi," alisema. "Nimesahau fungate."

Lo, siku mbili zile! Nyumba ilikuwa ya moto. Walizungumza asubuhi, wakazungumza baada ya kula, na mimi nilikuwa kila mlango na sikio langu. Bibi hakuwa mtu wa ukaidi wa bure, nataka mlijue hilo. Alimwambia wazi: "Bwana harusi akitoka kabla ya siku saba, hawatosema ana vita vyake. Ya vita hawayajui, na hatuwezi kuwaambia. Watasema kuna kitu kakiona kwa mwanangu. Na mwanangu kakungoja miaka yote hiyo, kakataa watu kwa ajili yako. Jua halijatua jina lake litakuwa kwenye kila kisima."

Naye akamwambia wazi vile vile. "Nna vijana kule, mama. Nimewaambia wasivuke mto mpaka nirudi. Ni wadogo, wana hamu, na wamechoka kukaa. Meli hii ikinipita, nyingine ni baada ya wiki mbili. Hawatoningoja."

"Si wewe ndiye kamanda? Umesema wangoje, watangoja."

"Raya nilimsahihisha hesabu kila siku," akasema Marwan, "alinisikia?" Bibi akacheka bila ya kutaka, halafu akakasirika kwamba kacheka, akatoka nje.

Siku ya nne asubuhi, honi ya meli ikalia kwenye ghuba. Milima ya Maskati huirudisha sauti, kwa hivyo honi moja ilitufikia kama tatu. Kamanda alitoka chumbani kavaa suruali yake na shati, miguu mitupu. Bibi alikuwa kakaa juu ya kasha. Mjomba kasimama ukutani hana pa kuweka mikono. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, na msinione vibaya, sikuwahi kufurahi vile maishani mwangu. Nilikuwa upande wa Bibi. Nilitaka tushinde.

"Mama, naomba viatu vyangu."

"Siku ya saba, mwanangu. Nitakupa kwa mikono yangu, na dua juu."

Kamanda akatazama miguu yake mitupu. Kisha akasema taratibu, "Nishawahi kutembea bila kiatu," akageuka, akaenda mpaka mlangoni, akashika komeo.

Hapo mama mdogo Raya akatoka. Biharusi wa siku nne haonekani nje ya chumba chake, lakini alitoka, liwa imemkaukia shavuni, kanga haikukaa sawa kichwani. Hakulia. Alisimama katikati ya ukumbi akasema, "Mama usimzuie. Na mimi simzuii. Mlango huo haukufungwa, komeo unalo wewe mkononi. Ukitoka, watakayoyasema nitayabeba, nimebeba mengi miaka hii. Lakini usiniombe nikwambie nenda. Neno hilo sinalo."

Honi ikalia mara ya pili. Kamanda alikuwa kasimama na mkono kwenye komeo, mgongo ametupa sisi, na nikaona vidole vya miguu yake vimekunjika kwenye sakafu. Kisha mkono ukashuka. Akarudi, akakaa sakafuni karibu na kasha, akaegemea miguuni kwa Bibi kama mtoto wake wa kumzaa, na Bibi akamwekea mkono kichwani. Mimi nikapiga kigelegele! Kigelegele changu cha kwanza, kilichochana koo. Tumemshinda kamanda! Jeshi halikumweza, na sisi tumemweza kwa kasha na bokoboko!

Siku zilizobaki zilikuwa sikukuu tupu. Alinifundisha kutembea kwa hatua za jeshi juu ya paa, yeye na kikoi, mimi na fimbo ya ufagio. Alijaribu kukuna nazi, akajikuna kidole, Raya akacheka mpaka akalala chini. Siku ya saba wanawake walikuja na ngoma, wakamkuta bwana harusi yumo ndani, mnono kidogo, na biharusi ana uso wa mwezi, na hawakuwa na la kusema hata moja. Wale waliokuwa wakimhurumia Raya walikula biriani yetu kimya. Bibi akatoa viatu kutoka kwenye kasha, vinanuka udi, akamkabidhi na dua kama alivyoahidi. Akavaa akangoja meli ya pili.

Meli ilikuwa haijafika redio ilipotoa habari. Ilikuwa mchana, dirisha limerudishwa, mimi napeleka kahawa chumbani kwa Mjomba. Msomaji habari alitaja bonde, akataja mto, akasema kikundi kimoja kilivuka na hakikurudi mtu. Marwan alilijua jina la pahala. Aliuliza siku, Mjomba akahesabu kwa vidole, ikawa ni siku ambayo yeye, kama angepanda ile meli ya kwanza, angekuwa kesha fika.

Mimi nilielewa jambo moja tu, nalo lilinirusha moyo: angalikuwa huko angalikufa, na hakuwa huko. Nikaiacha kahawa nikatimka ukumbini. "Bibi! Bibi kamwokoa! Bibi kamwokoa kamanda!" Niliruka ruka. Marwan alikuwa katoka nyuma yangu. Alinitazama, akasema, "Ndiyo, Asya," kwa upole sana, akapanda juu ya paa akakaa kando ya ubao wetu wa kusomea mpaka mzinga wa jioni. Bibi hakunishangilia. Aliishusha mbuzi ya nazi ukutani, akaipangusa, na siku ile haikuwa Ijumaa. Nilimsikia akijisemea, "Nimemzuia mtoto wa mwenzangu, na watoto wa wenzangu wamekwenda." Nikaona Bibi kazeeka, hajui kufurahi.

Aliondoka na meli iliyofuata. Mwaka uliofuata mambo mengi yakageuka. Kwao kule walipigwa na kutawanywa, na kwetu milango ya mji ikafunguliwa, redio ikapandishwa sauti, na mimi nikaingia shule, mkubwa kuliko darasa langu lote na mkali wa hesabu kuliko mwalimu. Marwan aliacha ukamanda. Alimchukua Raya, wakakaa Kuwait, akarudi kwenye chaki na ubao, wakapata watoto na wajukuu.

Nilikwenda kuwatembelea nikiwa mtu mzima, nina wangu wawili. Niliamka asubuhi nikanusa harufu ile nikaifuata. Alikuwa kakaa kwenye ngazi ya nyuma, mzee, mvi tupu, viatu vya watu wote wa nyumba amevipanga mbele yake, vya wajukuu vya shule, vya Raya, na vyangu pia, anavipiga rangi kimoja kimoja. Anakagua kamba. Anagonga kisigino. Raya alininong'oneza dirishani kwamba amefanya hivi kila siku tangu alipoondoka Maskati, hata akiwa mgonjwa, na hakuna anayethubutu kumsaidia.

Nikakaa ngazini kama zamani. Nilitaka kumchekesha, nikamkumbusha kasha, na kufuli, na jinsi Bibi alivyomkalia. "Hukuwa na la kufanya," nikamwambia. "Bibi alikuwa kesha kufungia viatu."

Alicheka kweli, mabega yakamtikisika. Alivua miwani akaifuta.

"Bibi yako alifungia viatu, Asya," akasema. "Miguu nilikuwa nayo."

Kisha akachukua kiatu cha kushoto cha mjukuu wake mdogo, akaanza kukisugua.